Benchi Letu Liko Ng'ambo ya Feri

Jumamosi yoyote ile njoo ukae maskani kwetu Likoni, pale kwa muuza kahawa, uulize swali moja tu: kwa nini Arsenal walikosa ligi mwaka wa 2023? Hutamaliza kikombe kabla hujapewa majibu kumi, na yote yatakuwa na Saliba ndani. Utaambiwa vile aliumia mgongo mwezi wa Machi kwenye mechi ya Sporting, na vile Tomiyasu naye aliumia usiku uo huo. Utaambiwa Rob Holding aliingia akajitahidi masikini lakini hakuwa Saliba, na zile pointi nane za kuongoza zikayeyuka: sare na Liverpool, sare na West Ham, sare na Southampton waliokuwa mkiani, halafu City wakamaliza kazi nne kwa moja. Dereva wa tuktuk ambaye hajawahi kuvuka Mtito Andei atakupa somo zima la kikosi kipana, bure, na akuitishie mahamri juu yake.

Sasa badilisha swali. Uliza: beki wa kushoto wa Bandari akiumia leo, nani anaingia?

Kimya. Mmoja atakohoa. Mwengine atasema, "Si kuna yule kijana mrefu?" Kijana mrefu gani, hajui. Siku niliyouliza mimi, mzee mmoja alinirudishia swali: "Na wewe unamjua?" Nikanyamaza. Mimi ninayejiita mwandishi, ninayeweza kukutajia benchi lote la Arteta, sikumjua mtu ambaye kazini kwake ni mwendo wa miguu tu kutoka feri.

Aibu hiyo ndiyo iliyoniandikisha haya. Lakini nikiimeza ile aibu yangu, ninabaki na hasira, na hasira yenyewe ina anwani. Hatumjui wa akiba kwa sababu kila mwaka wa akiba ni mwengine. Msimu ukiisha vilabu vya ligi yetu vinafanya jambo lile lile: orodha ndefu ya wanaopewa mkono wa kwaheri, wiki mbili za uvumi, halafu picha. Mchezaji mpya ameshika jezi, pembeni yake kiongozi anatabasamu, chini maneno ya karibu nyumbani. Sisi mashabiki tunapiga makofi kwa simu. Mwezi wa pili wa ligi tunaanza kulia kwamba timu haijaelewana. Ingeelewanaje? Wamejuana juzi.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna wadogo zetu ambao hawajui kwamba tuliwahi kuwa karibu.

Mwaka wa 2018 Bandari ilimaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia. Januari 2019 ikaenda Dar es Salaam kwa SportPesa Super Cup ikampiga Simba mbili moja, Simba kwake, Simba ile iliyokuwa kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka huo. Fainali tukafungwa moja na Kariobangi Sharks, sawa, mpira una siku yake. Msimu wa 2018/19 tukamaliza wa pili tena, chini ya Bernard Mwalala, na tukabeba ngao ya FKF mbele ya wale wale Sharks. Tukaingia Kombe la Shirikisho la Afrika. Al Ahly Shendi ya Sudan ikatoka. US Ben Guerdane ya Tunisia ikapigwa mbili bila, na ingawa tulifungwa mbili moja kwao, jumla ikatubeba. Timu ya Tunisia imetolewa na timu ya Mombasa! Nakumbuka siku ile watu wazima walikuwa wanakumbatiana kwenye foleni ya feri kama Idi.

Halafu Horoya ya Guinea ikatutoa tukiwa mlangoni kabisa mwa makundi. Ligi ya 2019/20 ilipokatwa na korona, Gor akatangazwa bingwa, na sisi tuliomfukuza miaka miwili hatukuwa hata kwenye hesabu.

Nini kilitokea? Watu wana majibu yao. Wengine watasema bahati, wengine watataja waamuzi, wengine watakwambia mambo ya mganga. Jibu langu mimi ni benchi. Tulikuwa na kumi na moja wazuri na nyuma yao hatukuwa na kitu kilichozoeana. Kipa wetu Farouk Shikalo, aliyekuwa kwenye kikosi cha Harambee Stars kule Misri kwa AFCON ya 2019, alichukuliwa na Yanga mwaka huo huo. Ni haki yake. Mchezaji wa Bandari kuitwa Yanga ni sifa. Lakini klabu iliyo tayari kucheza Afrika huwa imemlea kipa wa pili miaka miwili kabla ya wa kwanza kuondoka. Ongeza safari. Mechi za Afrika za nyumbani hatukuzichezea Mombasa, tulizichezea Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka nyumbani. Yaani hata mechi ya nyumbani ilikuwa ya ugenini. Miguu ile ile iliyotoka Afrika Jumatatu ilidaiwa pointi tatu za ligi wiki ile ile. Hapo ndipo kikosi kipana kinapoacha kuwa maneno ya maskani.

Tufanye hesabu, maana sisi mashabiki tunapenda kupiga kelele kuliko kuhesabu. Ligi ya timu 18 ni mechi 34. Sheria ya kubadilisha wachezaji watano sasa ni ya kudumu, kwa hivyo kila mechi watu 16 wanaweza kugusa mpira. Ongeza kombe, kadi, malaria, msuli wa paja, mtu kafiwa kaenda kuzika. Timu inayotaka ubingwa inahitaji watu ishirini na kitu ambao kocha anawaamini. Sisemi waliosajiliwa, nasema wanaoaminika. Mchezaji ambaye hajacheza dakika hata moja tangu ligi ianze si akiba, ni mtazamaji aliyekaa karibu zaidi kuliko mimi.

Na imani hiyo hainunuliwi kwenye dirisha la usajili. Chukua kikosi cha watu 25. Toa kumi, ingiza kumi. Mwaka ujao fanya tena vivyo hivyo. Baada ya madirisha mawili unaweza kubaki na watu watano tu waliokuwepo mwanzo. Kocha anafundisha darasa la kwanza kila Agosti. Beki wa kushoto anajifunza kwamba winga wake anapenda mpira mguuni, si mbele. Wakishajuana, mmoja anapewa mkono wa kwaheri. Tunaita hilo kuimarisha kikosi.

Nina beshte yangu ambaye ni beki wa kushoto. Tumekua pamoja hapa Likoni, shule moja, uwanja mmoja wa mchanga ambao ukianguka unaondoka na ngozi. Jina lake sitalitaja, na klabu iliyomsajili sitaitaja, kwa sababu bado ana matumaini ya kuitwa mahali. Alisajiliwa akiwa na miaka kumi na tisa. Msimu mzima alifanya mazoezi na kikosi cha kwanza, akakaa benchi mara kadhaa, akacheza dakika za kuhesabu kwa vidole. Msimu ulipoisha alipata ujumbe wa simu, mistari miwili: asante kwa huduma yako, tunakutakia kila la heri. Wiki tatu baadaye klabu ikatambulisha beki wa kushoto mpya mwenye miaka thelathini na mmoja. Ameiva, walisema. Huyo naye aliondoka baada ya msimu mmoja. Yule aliyekuja baada yake sijui hata kama alifika Disemba.

Hesabu nao. Misimu mitatu, mabeki wa kushoto watatu, na mwisho wa misimu mitatu klabu haina beki wa kushoto. Wangemwacha beshte yangu akosee msimu wa kwanza, akosee kidogo wa pili, leo wangekuwa na kijana wa miaka ishirini na mbili anayejua kazi. Sisemi angekuwa nyota. Nasema angekuwepo.

Sasa najua nitakachoambiwa. Nimeambiwa mara nyingi, tena na watu wetu wenyewe. Vijana wa Pwani hawana nidhamu. Wanachelewa mazoezini, wanapenda maskani, wanapenda miraa, ukiwapeleka kambi Nairobi wanalilia biriani ya nyumbani. Mpe kijana wa Kisauni mshahara wa kwanza, hutamuona hadi uishe.

Kuna ukweli kidogo humo na mimi si mtoto wa kudanganya. Wapo wa hivyo. Nimecheza nao, na wengine nimekula nao hiyo miraa. Lakini niambie, wa Kakamega wote ni malaika? Wa Eastlands wote wanalala saa tatu? Nidhamu hailetwi na hewa ya mahali. Mtoto anafundishwa nidhamu na mtu anayejua jina lake na anayemfuata hadi nyumbani akikosa mazoezi. Kijana anayetoka Mtongwe saa kumi na moja alfajiri, apange foleni ya feri, atembee hadi Mbaraki bila ya chai tumboni, akimbie saa mbili, arudi akafanye kibarua cha kubeba simiti, na kesho afanye tena. Huyo ukimwita hana nidhamu kwa sababu siku moja feri iliharibika akachelewa, basi neno nidhamu umeliokota wapi? Mwenye Changamwe ana foleni ya malori. Mwenye Kisauni ana msongamano wa Nyali. Sisi wa bara ya Mombasa tunaingia kisiwani kila siku kama wageni kwenye mji wetu, halafu tunapewa alama za kuchelewa.

Jengine nitakaloambiwa ni kwamba huu ni ubaguzi, kwamba nataka timu ya waswahili peke yao. Hapana, na hapa naomba nisikizwe vizuri. Felly Mulumba alitoka Kongo akasimama kwenye ulinzi wa Bandari kama ukuta wa Fort Jesus. William Wadri alitoka Uganda akaendesha ile kiungo hadi tukamuona wetu. Ile timu iliyompiga Simba haikuwa ya kabila moja, na mji wa bandari ukianza kuogopa wageni utaishi kwa nini? Mgeni aje. Lakini aje awe bora kuliko tuliye naye, na aje na kazi ya pili: amfundishe mwenyeji anayekaa nyuma yake. Ninachopinga ni yule mchezaji wa wastani anayetolewa mbali kuja kukaa benchi. Mchezaji wa wastani tunao! Tunao tele, Bomu wamejaa, Likoni wamejaa, na hao wetu hawahitaji kupangishiwa nyumba.

Jibu la tatu ni pesa. Vilabu vya Kenya havina pesa, hakuna subira bila pesa. Kwa vilabu vingi nakubali. SportPesa walipoondoka 2019, hata Gor alibaki akihangaika. BetKing wakaja 2020, wakaondoka kabla ya kukaa. Klabu isiyojua mshahara wa mwezi ujao utatoka wapi huwezi kuiambia ilee mtoto wa miaka kumi na saba. Lakini Bandari si klabu ya kubahatisha. Ina mwenyewe, na mwenyewe ni Mamlaka ya Bandari. Meli zinaingia mvua jua. Kwenye ligi hii timu ya mwajiri ina kitu ambacho Gor na Leopards na mashabiki wao wote hawana: utulivu. Kenya Police walichukua ligi 2025, timu ya mwajiri vile vile. Mwenye mshahara wa uhakika ndiye angekuwa wa kwanza kusubiri mtoto akue. Badala yake tunasajili kwa papara kama klabu inayoogopa kufungwa kesho.

Na kwa nini nawasakama Bandari wakati vilabu ni vingi? Kwa sababu sisi Pwani hatuna vingi tena. Feisal ya Mombasa ilichukua ligi ya Kenya mwaka wa 1965. Hiyo ndiyo ya mwisho. Miaka sitini hakuna timu ya Pwani iliyorudia. Congo United walipanda Ligi Kuu 2011 tukafurahi kwamba Mombasa ina timu, wakashuka mwaka huo huo. Vilabu vya mitaa vinazaliwa na kufa pamoja na mfuko wa mtu mmoja. Kwa hivyo Bandari ikikosea usajili, haikosei ya kwake tu. Inafunga mlango ambao ndio mmoja uliobaki kwa mtoto wa Likoni, Kisauni na Changamwe anayetaka kucheza ligi kuu huku akilala kwao. Wengine wote inabidi wapande basi waende Nairobi kulala sebuleni kwa watu.

Haitoshi kulia, kwa hivyo haya ndiyo ninayoyataka. Ni mambo manne, na hakuna linalohitaji tajiri mpya.

Kwanza, klabu isisajili zaidi ya wanne dirisha kubwa, labda timu iwe imeuzwa nusu. Wanne waliochaguliwa kwa makini, kwa nafasi zilizo wazi, si kwa sababu ajenti fulani amepiga simu.

Pili, nafasi tatu za kikosi cha kwanza zishikwe na vijana wa chini ya miaka ishirini kutoka bara ya Mombasa, na wapewe dakika. Nikisema dakika simaanishi ile ya tisini timu ikiongoza tatu bila. Namaanisha mechi ya kombe dhidi ya timu ya daraja la chini waanze wao, na wakikosea waanze tena inayofuata.

Tatu, mkataba wa kijana usiwe wa msimu mmoja. Iwe miaka miwili au mitatu, na asipopata nafasi apelekwe kwa mkopo timu ya daraja la chini acheze kila wiki, halafu arudi. Mchezaji aliye kwa mkopo bado ni wako. Uliyemtumia ujumbe wa mistari miwili si wako tena, na siku akiiva atakuja kukufunga.

Nne, majaribio yasiwe Mbaraki peke yake. Kocha mmoja, na daftari, na kalamu, azunguke. Wiki hii Bomu, wiki ijayo Likoni, nyengine Kisauni. Asiite watu, akae kwenye kivuli aangalie mechi ambazo tayari zinachezwa.

Na sisi mashabiki tusijifanye hatuna deni. Tunalipa ili tukaone Arsenal kwenye kibanda chenye joto la tanuri, lakini Bandari ikicheza tunasema jua kali. Viongozi wanasajili majina kwa sababu sisi tunapenda majina. Kijana akikosea pasi mbili tunamzomea hadi mama yake atajwe, halafu msimu ukiisha tunauliza kwa nini hakuna vijana. Mimi mwenyewe msimu uliopita nilienda uwanjani mara tatu, na mara moja niliondoka mapema kuwahi mechi ya Chelsea. Naandika haya nikiwa na kosa mkononi.

Labda nina chuki yangu binafsi pia, niseme ukweli. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Hakuna aliyeniita ofisini kuniuliza, jina lilikoma tu kwenye orodha. Kwa hivyo najua kidogo ile hali ya kuondolewa bila mtu kukaa na wewe chini akueleze umekosa wapi. Sikulinganisha karo na mpira. Lakini beshte yangu aliponionyesha ule ujumbe, nilijua atalala vipi usiku ule.

Siku hizi anaendesha boda, stegi ya hapa karibu na feri. Jumapili haendeshi. Saa kumi alasiri utamkuta uwanjani na timu ya mtaa, jezi namba tatu imechanika begani, anapanda na kushuka ule upande wa kushoto kama bado kuna mtu anaandika. Kuna dogo wa miaka kumi na sita anayecheza mbele yake kama winga, na beshte yangu anampigia kelele mechi nzima: rudi, funga, tulia, inua kichwa. Dogo yule anazidi kuwa mzuri kila wiki. Hakuna anayemlipa beshte yangu kwa kazi hiyo.

Enyi wa Mbaraki, msimu ukiisha na kabla hamjapiga picha nyengine ya jezi, mtumeni mtu mmoja Jumapili aje aangalie. Hahitaji bajeti wala kikao cha bodi. Feri kwa mwenda kwa miguu ni bure.